Kuiga Uzee au Kuonja Uzee? Uteuzi wa Istilahi katika Mafunzo ya Uuguzi

1. Utangulizi

Baadhi ya wafasiri hudhani kwamba neno la kigeni likikwisha kupata kisawe chake cha Kiswahili, kazi imekwisha. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Tutatumia mfano wa karatasi moja ya mafunzo ya wauguzi, iliyofasiriwa kwa nia njema kabisa, ambayo neno lake moja lilitosha kuligeuza somo zima likawa kinyume cha lilivyokusudiwa.

Dhana zinazohusika ni mbili. Ya kwanza ni kosa lililotakiwa kuondolewa, yaani kuwadharau watu kwa sababu ya umri wao mkubwa. Ya pili ni njia ya kuliondoa kosa hilo, yaani kumtia mwanafunzi kwa muda mfupi katika hali ya mtu aliyezeeka ili aijue kwa mwili wake mwenyewe. Dhana zote mbili zimetufikia kutoka nje zikiwa na majina ya Kiingereza, na zote mbili zimekwisha kupewa majina ya Kiswahili kwa haraka. Tutayapima majina hayo, kisha tutatoa mapendekezo.

2. Yaliyotokea Lukozi

Lukozi ipo katika Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga, juu katika milima ya Usambara. Barabara itokayo mjini Lushoto hupita Magamba, ikaingia msituni, kisha ikaendelea mpaka huko. Ni nchi ya baridi na ukungu, yenye mashamba ya kabichi, viazi na karoti katika miteremko, na soko ambalo malori huja kupakia mboga za kupeleka Dar es Salaam. Mtu akikaa kando ya njia siku ya gulio huona jambo lisiloandikwa sana katika vitabu vya uuguzi: wanawake waliokwisha kupita miaka 70 wakipanda mlima na mizigo kichwani, wakizungumza huku wanakwenda, hali vijana waliotoka mjini wamesimama wanatweta.

Tulifika huko tukifuatana na kundi la wanafunzi wa uuguzi pamoja na mwalimu wao, kutoka chuo ambacho hatutakitaja. Mwalimu alikuwa na karatasi ya zoezi. Kila mwanafunzi alitakiwa avae miwani iliyopakwa mafuta, atie pamba masikioni, aweke punje za mahindi ndani ya viatu, afungwe bendeji magotini, na avae glavu mbili mbili mikononi. Kisha alitakiwa apande ngazi, asubiri kuitwa jina kwa sauti ya kawaida, atie sahihi katika fomu, na ahesabu vidonge kutoka katika bahasha ndogo.

Vifaa vilikuwa rahisi na zoezi lilikuwa jema. Lakini juu ya karatasi palikuwa pameandikwa: “Igizo la Uzee.” Mara waliposikia neno igizo, wanafunzi walifanya kile ambacho neno hilo huwataka watu wafanye. Mmoja aliinama, akashika fimbo, akatetemesha sauti. Wa pili akajifanya mkewe, akamfokea. Waliobaki wakapiga makofi. Miwani na pamba zikabaki mezani.

Bibi mmoja, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa baraza, aliwatazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole, “Wajukuu zangu, mnamcheka nani?” Hapana aliyemjibu. Mwalimu alimwomba radhi, akaliahirisha zoezi mpaka kesho yake. Jioni ile tulikaa naye juu ya karatasi ile, na makala hii imetokana na mazungumzo hayo.

3. Jina la kosa

Neno la Kiingereza “ageism” lilitungwa mwaka 1969 na Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, wakati wakazi wa mtaa mmoja katika eneo la Washington walipopinga jengo lililokusudiwa kuwa makazi ya wazee. Butler alilinganisha upinzani huo na ubaguzi wa rangi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ndefu kuhusu jambo hilo. Taarifa hiyo iliigawa dhana katika sehemu tatu: namna tunavyowafikiria watu kwa sababu ya umri wao, namna tunavyoona moyoni juu yao, na namna tunavyowatendea. Ilikadiria kwamba ulimwenguni mtu mmoja katika kila watu wawili ana mawazo ya namna hiyo juu ya wazee. Na ilitaja njia tatu za kupambana nayo, yaani sheria na sera, elimu, na kuwakutanisha watu wa vizazi mbalimbali.

Kisawe kilichozoeleka sasa ni ubaguzi wa umri. Kimejengwa kwa mfano wa ubaguzi wa rangi, na kwa matumizi ya sheria na ofisi kinafaa. Tena kina faida moja: kinamhusu hata kijana anayenyimwa nafasi kwa sababu ya ujana wake. Wako wanaosema ubaguzi wa wazee. Hawa tunawaonya. Kiunganishi -a cha Kiswahili hakitofautishi mtenda na mtendewa. Ubaguzi wa makaburu ulikuwa ubaguzi uliofanywa na makaburu. Basi msomaji akikuta ubaguzi wa wazee katika waraka wa serikali, atajuaje kwamba wazee ndio wanaobaguliwa wala si wanaobagua?

Hata hivyo, ubaguzi wa umri nao haulijazi pengo lote. Kubagua, kwa asili yake, ni kutenga: kuweka hiki huku na kile kule. Mwuguzi aliye mbele ya mzee, mara nyingi, hamtengi. Tutazame tulichokiona wenyewe. Bibi anaingia akifuatana na mjukuu wake. Mwanafunzi wa uuguzi anainuka, anasema, “Shikamoo, bibi.” Anaitikiwa, “Marahaba, mjukuu wangu.” Adabu imetimia. Kisha mwanafunzi anamgeukia yule mjukuu na kumwuliza, “Anaumwa nini? Ameanza lini? Anakula?” Bibi yupo pale pale, na masikio yake ni mazima. Mwisho linatolewa neno la faraja: “Ni uzee tu.”

Hapo hapana aliyetengwa. Lakini mgonjwa ameondolewa katika mazungumzo yanayouhusu mwili wake, na maradhi yake yamepewa jina lisilo na dawa. Kuna kisa kinachosimuliwa na madaktari wa nchi nyingi, cha mzee aliyeambiwa kwamba goti lake linauma kwa sababu ya umri. Alijibu kwamba goti la pili lina umri huo huo, nalo haliumi. Kisa hicho kinachekesha, lakini ndani yake mna hatari ya kweli: baridi yabisi, mtoto wa jicho, shinikizo la damu na huzuni ya moyo ni maradhi yanayotibika au kupunguzwa nguvu, na kila moja linaweza kufichwa nyuma ya maneno “ni uzee tu.”

Wasemaji wa Kiswahili wanalo tatizo la pekee katika jambo hili, nalo ni heshima ya lugha yao. Mzee ni neno la cheo. Huitwa hivyo hata mwanamume wa miaka 45 mwenye madaraka, naye hufurahi. Watu wa Usambara nao humwita mwanamume mgoshi, na wageni wamejifunza kumwita hivyo kwa heshima. Methali zetu zinasema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Kwa hiyo mwanafunzi akiambiwa kwamba anawadunisha wazee, hushangaa kweli kweli: yeye huwaamkia kila siku.

Lakini lugha hiyo hiyo inayo maneno mengine. Mzee akiongezewa kiambishi ki- huwa kizee, na hapo heshima imekwisha. Kuna ajuza, shaibu na kikongwe, maneno ambayo zamani yalitaja umri tu, na ambayo leo mtu hapendi kuitwa akiwapo. Ni kweli kwamba ki- haidunishi kila mahali. Kiongozi na kijana ni mashahidi. Lakini hapa hudunisha. Kwa miaka mingi magazeti ya Tanzania yaliandika “mauaji ya vikongwe” yalipoeleza habari za wanawake wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, hasa katika mikoa ya Usukumani, ambako macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa jiko la miaka mingi yalichukuliwa kuwa ushahidi. Waandishi hawakukusudia dharau. Walitafuta neno fupi la kichwa cha habari. Lakini waliouawa walikuwa wanawake, mama na bibi za watu, na neno kikongwe linatuzuia tusiwaone hivyo.

Kwa hiyo tunaona kwamba dhana hii inahitaji maneno mawili. Ubaguzi wa umri ubaki kuwa jina la jumla, la sheria na sera. Kwa mafunzo, ambamo kosa linalotafutwa limo zaidi katika fikra na maneno, tunapendekeza udunishaji wa uzee. Anayedunishwa hapa hatatanishi, kwa kuwa uzee hauwezi kumdunisha mtu. Tena kitenzi chake, kuwadunisha wazee, mwanafunzi atakielewa bila kamusi.

4. Jina la njia

Kufundisha uuguzi kwa vitu vinavyochukua nafasi ya mgonjwa si jambo jipya. Mwaka 1911 hospitali ya Hartford, Marekani, ilianza kutumia mwanasesere mwenye kimo cha mtu mzima, aliyejulikana kwa jina la Mrs. Chase, ili wauguzi wajifunze kumgeuza na kumwosha mgonjwa. Mwaka 1960 mtengenezaji wa wanasesere wa Norway, Asmund Laerdal, alitoa mwanasesere wa kufundishia namna ya kumrudishia mtu pumzi. Nchini Tanzania, kuanzia mwaka 2009, wakunga na wauguzi walifundishwa kwa mwanasesere wa mtoto mchanga namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua anapozaliwa. Taarifa iliyotolewa mwaka 2013, iliyohusu hospitali nane za nchi hii, ilieleza kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47.

Kwa mambo kama hayo, neno uigaji, ambalo wengi wamelichukua kuwa kisawe cha neno la Kiingereza “simulation”, halina ubaya wowote. Mwanasesere humwiga mtoto, wala mtoto hadhihakiwi. Kadhalika kompyuta huiga mwendo wa ndege au wa mvua. Uigaji ubaki hapo.

Mambo hubadilika pale mtu anapomwiga mtu. Katika malezi yetu, mtoto akichechemea nyuma ya babu yake huambiwa, “Usimwigize mzee!” Hapo -igiza maana yake ni kudhihaki, na mtoto huonywa kwamba naye atafika huko. Katika michezo ya kuigiza na vichekesho, kijana hupakwa unga kichwani, hupewa fimbo, na watazamaji hucheka kabla hajasema neno. Hayo ndiyo waliyoyafuata wanafunzi wetu. Hawakuwa na moyo mbaya. Walisoma “Igizo la Uzee,” nao wakaigiza.

Tulipitia maneno mengine. Kujifanya kuna harufu ya uongo. Mchezo kunawarudisha pale pale pa kicheko. Kujiweka mahali pa mwenzio ni maelezo mazuri, lakini ni marefu, wala hayazai nomino kwa urahisi. Ndipo mwalimu mwenyewe aliposema, “Lakini hatutaki wamwonyeshe mtu mzee. Tunataka waonje.”

Tunaona kwamba kitenzi hicho kinafaa, kwa sababu tatu. Kwanza, anayeonja hufanya hivyo kwa ajili ya kujua, wala haonji ili wengine wamtazame. Kuigiza kunahitaji watazamaji. Kuonja hakuhitaji mtu. Pili, Kiswahili kimekwisha kukitumia kitenzi hiki nje ya chakula: mtu huonja jela, huonja umaskini, huonja joto ya jiwe. Tatu, na hili ndilo kubwa, kuonja kunabeba mpaka wake ndani yake. Aliyeonja mchuzi hawezi kudai kwamba amekula. Kwa hiyo jina lenyewe linamkumbusha mwanafunzi kwamba alichokipata kwa saa moja ni kidogo.

Kesho yake karatasi ilikuwa na kichwa kipya: “Zoezi la Kuonja Hali.” Maelekezo nayo yalipunguzwa, na kila mwanafunzi alilifanya zoezi peke yake, wenziwe wakiwa nje. Hapakuwa na kicheko. Mmoja aliitwa jina mara mbili asisikie, akapitwa na aliyekuwa nyuma yake, akakasirika hata akavua miwani. Alipotulia alisema kwamba jana yake yeye mwenyewe alimwandika mgonjwa mmoja kuwa “hakuitika.” Hatudai kwamba neno peke yake ndilo lililofanya kazi hiyo, maana mpangilio nao ulibadilika. Tunachosema ni kwamba neno la kwanza lilikuwa limelizuia zoezi lisianze.

5. Mpaka wa kuonja

Wahenga wametuachia methali mbili zinazolihusu jambo hili, na kila moja inaishika pande moja ya ukweli. Moja inasema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hiyo ndiyo hoja ya kulifanya zoezi. Ya pili inasema: Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hiyo ndiyo hoja ya kutolitegemea zoezi peke yake.

Mwaka 1979 Mmarekani Patricia Moore, msanifu wa vifaa mwenye umri wa miaka 26, alijivika hali ya mwanamke aliyepita miaka 80: alijifunga viungo, akajiziba masikio, akafifisha macho. Kwa muda wa miaka mitatu alitembea hivyo katika miji zaidi ya 100 ya Amerika ya Kaskazini. Alikuta msaada, na alikuta dharau; siku moja vijana walimpiga na kumpora. Lakini hata yeye aliweza kuyavua mavazi yake. Wanafunzi wetu walionja kwa saa moja.

Tafiti zilizofanywa katika vyuo vya nchi mbalimbali hazikutoa jibu moja. Aghalabu huruma ya wanafunzi huongezeka. Lakini mara nyingine zoezi huwaacha na woga wa uzee, na kuzidi kuikaza ile picha ya kwamba kila mzee ni kipofu, kiziwi na kiwete. Sababu yake si ngumu kuiona: miwani, pamba na bendeji huweza kuonyesha kinachopotea tu. Hapana vazi linaloweza kuonyesha kumbukumbu ya misimu 50 ya mvua, wala nguvu za wale wanawake wa Lukozi wanaopanda mlima na mizigo.

Kwa sababu hiyo, zoezi la kuonja hali lisimalizikie kwenye zoezi. Lina hatua tatu: maelekezo ya awali, zoezi lenyewe, na mazungumzo ya baadaye. Hatua ya tatu ndiyo inayobeba somo, na baadhi ya wafasiri wameiita “muhtasari.” Hilo ni kosa, kwa sababu muhtasari hufupisha yaliyokwisha kujulikana, hali hapa ndipo mambo yanapojulikana. Tunapendekeza tafakuri ya pamoja. Na neno pamoja tulichukue kwa maana yake kamili, yaani wazee wenyewe wawepo.

Siku ile mwalimu alimwomba yule bibi wa jana akae na wanafunzi. Waliwekea mkazo magoti. Bibi aliwasikiliza, kisha akasema, “Magoti yangu hayaniumi. Kinachoniuma ni kuulizwa mjukuu wangu habari zangu, na mimi nipo.” Maneno hayo hayakuwamo katika karatasi, wala yasingeweza kutokana na punje za mahindi viatuni.

6. Mapendekezo

Tunapendekeza istilahi zifuatazo kwa wafasiri na walimu:

Ubaguzi wa umri: kumfikiria, kumwona au kumtendea mtu vibaya kwa sababu ya umri wake, awe mzee au kijana. Litumike katika sheria, sera na nyaraka za ofisi.

Udunishaji wa uzee: fikra, maneno na mazoea yanayowapunguzia wazee thamani, hata pale wanapoamkiwa kwa heshima. Litumike katika mafunzo.

Uigaji: kufanya kitu, chombo au kompyuta ichukue nafasi ya hali halisi kwa ajili ya kujifunza au kuchunguza.

Uigizaji: litumike kwa sanaa ya michezo ya jukwaani na ya filamu, wala lisiingizwe katika mafunzo ya uuguzi yanayohusu wazee na walemavu.

Zoezi la kuonja hali: zoezi ambalo mwanafunzi hutiwa kwa muda mfupi katika hali ya mgonjwa, mzee au mlemavu ili aijue kwa mwili wake.

Tafakuri ya pamoja: mazungumzo yanayofuata zoezi, ambamo wanafunzi, mwalimu na wenye hali yenyewe hupima yaliyoonjwa.

Kuhusu maneno kizee, ajuza na kikongwe, hatupendekezi yafutwe katika kamusi. Lugha haifutiki hivyo. Tunapendekeza yasitumike katika kadi za wagonjwa, taarifa za ofisi na habari za magazeti, ambamo mwanamke mzee, mwanamume mzee au umri wenyewe kwa tarakimu utatosha.

7. Hitimisho

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kuwa mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na hospitali za serikali zimeweka madirisha ya kuwahudumia wazee. Hayo ni mambo ya kushukuriwa. Lakini dirisha haliwezi kumzuia aliye nyuma yake asiseme “ni uzee tu.” Hilo ni jambo la mafunzo, na mafunzo huendeshwa kwa maneno. Mfasiri aliyeandika “igizo” hakuwa mvivu; alichagua neno la kwanza lililomjia, kama tunavyofanya sisi sote. Laiti angejiuliza swali moja zaidi: mzee akilisikia neno hili, atajiona yumo kati ya wanaofundisha au kati ya wanaochekwa?

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa vyuo vya uuguzi na wale wanaojua maneno yafaayo kutoka katika lugha nyingine za nchi yetu, watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi kabla hazijazoeleka.